Samaki wa Kundi Wakibanana, Kuna Jambo

Watu wengi wanaotamani kufuga tetra au rasbora, samaki wadogo wa tangi la kioo, huwa na picha moja kichwani: samaki thelathini waliobanana kama kitambaa kimoja, vichwa vyote upande mmoja, wakigeuka kwa pamoja. Picha hiyo ni ya kweli, ila ni picha ya samaki wenye hofu. Samaki wadogo wa kundi hubanana wanapohisi hatari. Wakiwa salama hulegea: mmoja anadonoa utando juu ya jani, madume wawili wanatunishiana mapezi, watatu wamesimama tu kivulini, na kati ya samaki na mwenzake kuna nafasi ya urefu wa mwili mara mbili au tatu. Kivuli cha mtu kikipita mbele ya kioo, kufumba na kufumbua wote wako pamoja. Dakika moja baadaye wametawanyika tena, kila mmoja na shughuli yake.

Ukilielewa hilo, kundi linakuwa kipimo chako cha kwanza, linalokuletea habari kabla ya chupa za vipimo vya maji. Limejibanza kutwa nzima kwenye kona ya nyuma: kuna kinachowatisha, au maji yamebadilika. Wote wamepanda juu na wanahema midomo ikigusa uso wa maji: oksijeni ni haba, au matamvua yameathirika na sumu. Mmoja amejitenga na haitikii wenzake wanapogeuka: huyo ni mgonjwa, hata kama bado anakula. Tetra pua nyekundu ni wazi zaidi, kwa sababu ule wekundu wa kichwani hufifia ndani ya muda mfupi maji yakiharibika au samaki akishtuka, na hurudi hali ikitengemaa.

Kuna mabadiliko yasiyo na shida pia. Ukiwasha taa asubuhi ukawakuta tetra neoni wamepauka, mstari wa buluu umekuwa wa zambarau hafifu, usikimbilie dawa. Rangi ile haitokani na wino bali na fuwele ndogo sana ndani ya ngozi zinazoakisi mwanga, na usiku mpangilio wa fuwele hizo hubadilika. Mpe muda, utaona buluu inarudi yenyewe.

Idadi kwanza

Sita ndicho kiwango cha chini kinachotajwa kila mahali. Mimi naona ni kidogo. Katika kundi la wanne au watano hujitokeza mbabe mmoja, na mara nyingi anayefukuzwa ni yule yule, mpaka mapezi yake yanachanika na anaacha kuja kula. Wakiwa kumi au kumi na wawili, ubabe unagawanyika. Hakuna anayebeba mzigo wote peke yake. Na wakiwa wawili watatu tu, hutumia siku nzima nyuma ya chujio, wanakula kidogo, wanapauka, kisha wanaugua maradhi ambayo mwili usio na hofu ungeyashinda.

Kosa la pili, ambalo nalichukia zaidi kwa sababu linafanywa kwa nia njema, ni kununua neoni watatu, rasbora watatu, danio watatu na kadhalika ili tangi liwe na rangi nyingi. Neoni hahesabu rasbora kuwa ni ndugu yake. Samaki hushika nafasi yake kundini kwa macho, na kwa mstari wa ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji, na anatafuta mwendo na alama za aina yake. Kwa hiyo tangi lenye aina tano za watatu watatu ni tangi lenye wapweke kumi na watano. Chukua kumi na wawili wa aina moja. Ukitaka aina ya pili, tafuta inayokaa chini, kwa mfano koridora kibete, nao wawe wanane.

Tangi: urefu kuliko kina

Samaki hawa huogelea kwa kwenda mbele, si kwa kupanda na kushuka. Tangi refu la kwenda juu, lile linalopendeza mezani, halina faida kwao. Kwa neoni, tetra moto wadogo au rasbora wadogo wa jenasi Boraras, anza na sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Kwa tetra pua nyekundu na danio milia, ambao ni wakimbiaji, usishuke chini ya sentimita 80 za urefu.

Tangi hilo la 60 huandikwa lita 54, lakini ukiweka mchanga na kuacha sentimita tatu juu, maji halisi ni kama lita 42. Namba hiyo ndiyo utakayoitumia kupimia dawa na kila kitu kingine. Anayepima kwa lita 54 anazidisha dozi kwa zaidi ya robo. Uzito wote, pamoja na kioo na mchanga, unafika takriban kilo 65, kwa hiyo meza iwe imara na sawa kabisa. Kama kioo cha chini hakina fremu, tandika karatasi nene ya povu kati yake na meza; punje moja ya mchanga iliyobaki pale inaweza kupasua kioo kikijaa maji.

Weka mchanga wa rangi ya kahawia au mweusi, unene wa sentimita 4, kama kilo 11. Juu ya mchanga mweupe samaki hupauka kusudi, kwa sababu kujifananisha na sakafu ndiyo kinga yao. Mimea iwe mingi nyuma na pembeni, na katikati pawe wazi. Kangaga la Java na anubia hufungwa kwenye gogo au jiwe kwa uzi. Usilizike lile shina lao nene linalotambaa, maana litaoza. Juu ya maji weka mimea inayoelea, ifunike theluthi moja ya uso. Hiyo ndiyo tiba rahisi kuliko zote ya kundi lenye woga. Samaki mdogo anaogopa kitu kinachotoka juu. Akipata paa anatulia moyo na kutoka mbele. Taa iwake saa 6 hadi 8 kwa siku, na washa kwanza taa ya chumba dakika 15 kabla ya taa ya tangi, kwani mwanga wa ghafla huwarusha hadi nje. Kifuniko ni lazima.

Chujio bora kwa samaki wa sentimita mbili tatu ni sifongo inayoendeshwa kwa pampu ya hewa. Haimnyonyi mtu, inapitisha maji taratibu, na vijidudu vinavyoota juu yake vinadonolewa kutwa. Ukitumia chujio la mota, vika mdomo wake wa kunyonya kipande cha sifongo, la sivyo asubuhi utakuta Boraras wamenasa. Pampu ya hewa ikae juu ya usawa wa maji, au weka vali ya kuzuia maji kurudi kwenye mpira. Umeme ukikatika maji hurudi nyuma kwa mpira na kumwagika kwenye pampu.

Hita ya wati 50 inatosha. Usishawishike kuchukua ya wati 200 kwa kudhani kubwa ni bora. Hita huharibika kwa namna mbili: kugoma kuwaka, au kugoma kuzima. Ile ya wati 50 ikigoma kuzima, inapasha lita 42 taratibu na unapata saa kadhaa za kugundua. Ya wati 200 itakuwa imeshawapika. Chomoa plagi dakika 15 kabla ya kupunguza maji, maana hita yenye moto ikibaki hewani hupasuka.

Wiki ambazo tangi halina samaki

Hapa ndipo wengi wanapoteza samaki, na hapa ndipo nitakaa kidogo.

Samaki hutoa amonia kwa matamvua na kwa kinyesi. Bakteria wa aina moja huigeuza amonia kuwa nitraiti, na wengine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo si kali na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huota kwenye sifongo, mchanga na majani. Ndani ya maji yenyewe ni wachache mno. Tangi jipya hawamo. Kuwalea huchukua kati ya wiki 4 na 6, na ukitia samaki kabla yao, samaki ndio wanaolipa.

Njia safi ni kuwalisha amonia bila samaki. Tafuta amonia ya majumbani isiyo na sabuni wala manukato. Tikisa chupa: povu likidumu, ina sabuni, iache. Kama ni ya asilimia 10, mililita moja ina miligramu 100 za amonia, hivyo mililita 0.8 kwenye lita 42 inakupa karibu miligramu 2 kwa lita. Pima kwa vipimo vya matone; karatasi za kuchovya hukosea sana kwenye viwango vidogo. Hita iwe 27, pampu iwake mfululizo.

Wiki ya kwanza utadhani hakuna kinachotendeka, amonia imesimama pale pale. Kisha itaanza kushuka na nitraiti itatokea. Kila amonia ikikaribia sifuri, irudishe kwenye miligramu 2 kwa lita. Nitraiti itapanda na kukaa juu kwa muda unaochosha, hata wiki mbili. Ikipita miligramu 5 kwa lita, acha kuongeza amonia kwa siku chache na ubadilishe nusu ya maji. Halafu siku moja, bila taarifa, nitraiti inaanguka. Ukitia amonia ya miligramu 2 kwa lita jioni na baada ya saa 24 amonia na nitraiti zote ni sifuri, tangi limeiva. Samaki wakishamaliza wiki za kutengwa (nitazieleza mbele), badilisha asilimia 75 ya maji ili kuondoa nitreti iliyojaa, na siku hiyo hiyo au kesho yake watie. Hadi hapo endelea kuwapa bakteria amonia, usiwaache na njaa.

Uzuri wa njia hii kwa samaki wa kundi ni kwamba tangi lililoiva hivyo linaweza kupokea wote kumi na wawili kwa mara moja. Anayetia wawili wawili kila wiki anadhani anakuwa mwangalifu, lakini anawapitisha samaki wake wa kwanza katika wiki za upweke.

Mchakato ukikwama katikati, angalia ugumu wa kaboneti, yaani KH. Bakteria hutumia kaboneti kadiri wanavyofanya kazi. Ikiisha, pH (kipimo cha uasidi na ualkali wa maji) huporomoka na kazi inasimama. Gramu 2.5 za bikaboneti ya soda, ile ya jikoni, huongeza digrii 2 kwenye lita 42. Sababu nyingine ya kukwama ni klorini. Maji ya bomba lazima yatibiwe kwa dawa ya kuondoa klorini kabla ya kuingia. Kuacha ndoo wazi siku moja huondoa klorini ya kawaida lakini si kloramini (klorini iliyochanganywa na amonia), na baadhi ya mamlaka za maji hutumia hiyo ya pili.

Jambo jingine la kuweka akilini ni pH na sumu. Katika nyuzi 25, maji yenye pH 7 yana chini ya asilimia moja ya amonia katika hali ya sumu. Iliyobaki imejifunga na haidhuru sana. Katika pH 8 sehemu ya sumu inafika kama asilimia 5. Namba ile ile kwenye kipimo, lakini hatari imezidi mara tisa hivi. Ndiyo maana mwenye maji magumu ya alkali hana ruhusa ya kuvumilia hata chembe ya amonia.

Nani anafaa maji yako

Chagua samaki kwa joto la tangi lako, si kwa rangi pekee. Tetra neoni, Paracheirodon innesi, anatoka mito ya Amazon ya juu na hustawi nyuzi 22 hadi 25. Ukimweka 28 muda wote anaishi haraka na kufa mapema. Ndugu yake tetra kadinali, wa Rio Negro na Orinoco, anapenda joto zaidi, 25 hadi 28. Kuwatofautisha ni rahisi: mstari mwekundu wa neoni huanzia katikati ya mwili kwenda mkiani, wa kadinali hutoka kichwani mpaka mkiani. Mahali penye joto la kudumu, kadinali ni chaguo la busara kuliko neoni, ingawa neoni ndiye anayenunuliwa zaidi.

Rasbora halekwini wa Asia ya Kusini-Mashariki, sentimita 4 na kidogo, mwenye pembetatu nyeusi ubavuni, ndiye ningempa anayeanza. Ni mstahimilivu, hula chochote, hana uchokozi. Tetra moto mdogo, Hyphessobrycon amandae wa Brazili, ana sentimita 2 na rangi ya kaa la moto. Kumi na watano wanakaa vizuri kwenye lita 42. Boraras brigittae wa Borneo ni mdogo zaidi na anahitaji maji laini na utulivu. Huyo usimchanganye na samaki wenye pupa, hatapata chakula.

Maji laini yenye tindikali kidogo ndiyo asili ya wengi wao, lakini waliozalishwa na wafugaji huzoea pH 7 hadi 7.5 na ugumu wa wastani. Usikimbizane na pH kwa dawa. Namba inayopanda na kushuka inaumiza kuliko namba isiyo kamili iliyotulia. Ukitaka kulainisha hali kidogo, weka jani moja kavu la mti wa mkungu kwa kila lita 20 hadi 40. Litazama baada ya siku moja mbili, litatoa rangi ya chai na asidi kidogo, na utaona kundi linaanza kudonoa juu yake. Badilisha likibaki mishipa.

Kuhusu majirani, kanuni ni mdomo. Kinachoingia mdomoni kitaliwa. Samaki malaika wanatoka Amazon pia na watu huwaweka na neoni wakiwa wadogo wote. Malaika anakua, na asubuhi moja hesabu inapungua.

Kununua, kutenga, kuhamisha

Dukani tazama tangi zima kabla ya kumtazama samaki mmoja. Kukiwa na maiti, au mmoja mwenye doa jeupe, usichukue hata wale wanaoonekana wazima, kwani maji ni yale yale. Tazama kwa juu: tumbo lililobonyea nyuma ya kichwa maana yake hajala siku nyingi, na huyo ni vigumu kumrudisha. Omba walishwe mbele yako.

Neoni wengi hufa ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa hiyo wiki hizo wasizipitishe kwenye tangi lako kuu. Tenga beseni au tangi la lita 20, hita, kifuniko, mabomba machache ya plastiki ya kujificha, na sifongo ambayo umeiacha kwenye tangi kuu mwezi mzima ikusanye bakteria. Wakae humo wiki 4. Kundi zima, pamoja.

Siku ya kuwaleta, acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kama safari ilikuwa fupi, fungua, na kila dakika tano ongeza kikombe kidogo cha maji ya tangi kwa nusu saa. Kisha vua kwa kinyavu laini; maji ya mfuko yamwage nje, yasiingie tangini. Kama wamekaa mfukoni saa nyingi, usifanye hivyo. Ndani ya mfuko uliofungwa kaboni dayoksaidi imeshusha pH, na amonia iliyojaa imejifunga. Ukifungua, kaboni dayoksaidi inatoka, pH inapanda, amonia inageuka sumu huku samaki wamo humo humo. Linganisha joto, fungua, wahamishe mara moja kwenye maji ambayo pH na ugumu wake haviko mbali na ya muuzaji. Zima taa. Siku ya kwanza usiwalishe.

Chakula cha midomo midogo

Chakula cha vipande huwa kikubwa mno. Kisage kati ya vidole mpaka kiwe unga wa chembe. Kwa Boraras chembe isizidi nusu milimita. Lisha mara mbili kwa siku, kile kinachoisha ndani ya dakika mbili, na siku moja ya wiki usilishe. Kinachofika chini bila kuliwa kinageuka amonia.

Kitu kinachobadilisha rangi na nguvu za kundi kuliko kingine ni artemia, vijikamba vidogo sana vya maji ya chumvi, waliototolewa nyumbani. Chukua chupa ya plastiki, kata kitako, igeuze mdomo chini ukiwa na kifuniko chake. Tia lita 1 ya maji, gramu 25 za chumvi isiyo na viungo, na nusu kijiko cha chai cha mayai ya artemia. Mpira wa hewa ufike chini kabisa na mapovu yawe makali, mayai yasitulie. Kwa nyuzi 26 hadi 28 na taa karibu, wanatotoa baada ya saa 24 hadi 30. Zima hewa dakika 10: maganda ya kahawia yanaelea, mayai yasiyototoa yanatuama chini kabisa, na wingu la rangi ya chungwa linakusanyika kuelekea mwanga. Mulika tochi karibu na sehemu ya chini, nyonya wingu hilo kwa mpira mwembamba, chuja kwa kitambaa chepesi, suuza kwa maji baridi, walishe. Maganda yasiingie, huziba matumbo ya samaki wadogo. Na usiwaweke hadi kesho: wanaishi kwa kiini walichozaliwa nacho, kikiisha wamebaki ngozi.

Dakika tano baada ya kulisha, inama mbele ya kioo. Tetra na rasbora wadogo wana ngozi inayopitisha mwanga, na utaona tumbo la kila mmoja limekuwa kidoti cha chungwa. Hesabu vidoti. Asiye na kidoti hakula, na kesho umtazame huyo kwanza.

Kila wiki

Ndoo moja ya lita 10 itoke, ndoo moja iliyoondolewa klorini iingie, tofauti ya joto isizidi nyuzi 2. Maji yanayopungua kwa kukauka huacha madini nyuma, hivyo kujaziliza peke yake si kubadilisha. Ugumu unapanda polepole. Sifongo ikamuliwe kila baada ya wiki tatu hivi ndani ya maji uliyoyatoa tangini. Ukiiosha bombani unaua bakteria wengi na unaweza kurudi wiki ya kwanza. Nitreti ibaki chini ya miligramu 20 kwa lita.

Wakiugua

Vidoti vyeupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi ni kimelea Ichthyophthirius. Dawa haimfikii akiwa chini ya ngozi. Inamuua anapokuwa huru majini akitafuta samaki mwingine. Ndiyo sababu unatibu tangi zima, na unaendelea siku kadhaa baada ya kidoti cha mwisho kutoweka. Pandisha joto nyuzi 1 kila baada ya saa kadhaa hadi 30, dumisha siku 10 hadi 14, na ongeza hewa, maana maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Ukitumia dawa ya dukani, soma kama inataja tetra. Nyingi huagiza nusu dozi kwao.

Nitraiti ikitokea kwenye tangi lenye samaki, huharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni na matamvua hugeuka hudhurungi. Badilisha nusu ya maji, na tia gramu 1 ya chumvi kwa kila lita 10: kloraidi huizuia nitraiti isipite kwenye matamvua.

Ugonjwa wa neoni ni jambo zito zaidi. Kimelea Pleistophora hyphessobryconis huota ndani ya misuli. Rangi inakatika, sehemu ya mstari inakuwa nyeupe kama nyama iliyopikwa, samaki hatulii usiku wenzake wanapopumzika, mgongo unapinda. Hakuna dawa ya kutegemewa. Wenzake huambukizwa wanapokula maiti, kwa hiyo usimwache afie humo. Kuna ugonjwa wa bakteria unaofanana nao na wenyewe hutibika, lakini kumtenga ni hatua ya kwanza kwa yote mawili. Asipopona, mafuta ya karafuu ni njia ya huruma: tikisa matone 10 kwenye kichupa cha maji ya tangi mpaka yawe kama maziwa, mimina taratibu kwenye lita 1 alimo, na usimtoe hadi nusu saa ipite tangu matamvua yaache kutikisika.

Hata bila ugonjwa, kundi hupungua. Neoni huishi miaka 3 hadi 5, na aliyeanza na kumi na wawili siku moja atahesabu saba. Usingoje wabaki watatu, maana waliobaki wataanza kujificha na kula shingo upande. Wakifika saba au wanane, leta wengine sita wa aina ile ile, watenge wiki 4 kama wale wa kwanza, na uwaingize jioni taa ikiwa imezimwa. Asubuhi wapya wataonekana kwa udogo wao, wamebanana pembeni. Wenyeji wametawanyika kati ya mimea. Wakishachanganyika, ukashindwa kujua nani alikuwepo na nani amekuja, rudi kwenye ratiba ya kawaida.